Kisigino cha Kulia

Fundi viatu hakuwa na imani na nyuso za watu. Uso, alikuwa akisema, hunawishwa kila asubuhi. Kiatu huoshwa mwenyewe akishaona aibu. Miaka thelathini alikaa kwenye kigoda chake chini ya ngazi za jengo la ofisi, dunia ikimpitia kuanzia gotini kushuka chini, na akajifunza kuisoma hivyo hivyo. Kiatu kikilala upande, mwenyewe hubeba mkoba mzito. Ncha ya mbele ikiisha, huyo anapanda ngazi nyingi. Na kisigino cha kulia kikiliwa kwa nyuma, cha kushoto kikiwa kizima, huyo ni dereva, wala usimsumbue kumuuliza leseni: siku nzima kisigino kimekaa sakafuni mwa gari, kikizunguka kati ya breki na mafuta.

Fundi huyo ndiye aliyeshushwa na treni saa mbili asubuhi katika stesheni ya nchi ya watu, begi begani, tai shingoni kama anayekwenda kusomewa shitaka, na karatasi ya mpwa wake mkononi. Treni ilikuwa imechelewa saa nzima. Laini ya simu yake ilifia mpakani, na papo hapo mpakani wakamnyang'anya sindano yake ya kushonea viatu, wakaiangalia kama vile amekuja kupindua serikali.

Saa nne kamili dada yake alikuwa anaingia chumba cha upasuaji. Ugonjwa ulikuwa kooni, na madaktari walikwisha kusema bila kumumunya maneno: tunaondoa koromeo lote. Huenda akaishi. Kusema ndiyo basi.

Sasa, fundi na dada yake walikuwa hawajasemeshana miaka sita. Kwenye msiba wa mama yao, mbele ya majirani na sahani zao, fundi alimwambia dada yake aliyetoka ng'ambo: "Wewe machozi yako yamekuja na ndege. Mama kaugua miaka mitatu, hukumshikia hata bakuli." Ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu ya fundi maisha yake yote: alisema kweli, na hakuipiga msasa kwanza. Dada akafunga kitenge chake vizuri, akamjibu taratibu, "Sikuiti tena jina lako mpaka nikuone mlangoni kwangu." Akaondoka, na kiapo chake akakitunza kuliko pasipoti.

Jina lenyewe si la kujivunia. Alikuwa akimwita Tongotongo, kwa sababu ya macho aliyoamka nayo utotoni. Wengine waliolijua walikwisha kufa. Duniani lilibaki kwenye koo moja tu, na koo hilo lilikuwa na miadi saa nne.

Mpwa wake, binti wa huyo dada, alikuwa amemwandikia kwa herufi kubwa kama anayemwandikia mtoto: "Mjomba, mimi siwezi kuja kukupokea, kuna karatasi za mama za kutia saini. Toka kwa mlango wa mashariki. Panga foleni penye kibao cha teksi. Teksi ya halali ina namba mlangoni na mita ndani, nusu saa tu uko hospitali. Ukifuatwa na mtu, hata akikuita mjomba, usiende naye. Hapa wewe mpwa wako ni mimi tu."

Mlango wa mashariki! Mashariki ya stesheni ile ilikuwa chini ya ardhi, mahali ambapo hata jua lingepotea. Fundi alipanda ngazi zinazojiendesha zenyewe, akashuka nyingine, akajikuta mbele ya duka la maua. Akafuata mishale, akapita majukwaa saba, akatokea duka la maua. Alipomwonyesha mfagiaji karatasi yake, mfagiaji akaisoma maandishi yakiwa juu chini, akanyoosha mkono kwa uhakika mkubwa, na mkono ule ukampeleka duka la maua. Safari hii muuza maua alimpungia kama jirani. Kote alikopita, viatu elfu vilimkatiza njia, vimeng'arishwa, vina haraka, na hakuna kimoja kilichosimama.

Alipoliona jua ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Kibao cha teksi kilikuwepo, magari yenye namba milangoni yalikuwepo pia, ila yalikuja moja moja, kama maji ya bomba lenye kutu. Foleni ilizunguka nguzo mbili. Mbele yake alisimama mama mwenye paka ndani ya kikapu. Fundi akaanza kuhesabu vichwa.

"Shikamoo, mzee wangu."

Aligeuka kama aliyeitwa na marehemu mama yake. Siku mbili hakuwa amesikia lugha ya kwao.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mtu wa nyumbani tu. Nimekusikia unahesabu. Ulipofika thelathini na moja ukaguna, nikasema huyu ni wetu."

"Nakwenda hospitali kuu."

"Kwa foleni hii? Utafika wagonjwa wameshapona, wamerudi kazini. Gari langu lile pale nyuma ya kona."

"Lina namba mlangoni?"

"Lina namba nyuma, kama magari yote ya Mungu."

Fundi akamtazama usoni, hakuona kitu. Nyuso hazikuwa fani yake. Akashusha macho. Kiatu cheusi cha kamba, cha kushoto kizima. Cha kulia, kisigino kimeliwa kwa nyuma mviringo, laini, kama sabuni iliyotumika. Hiyo haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Tapeli havai hivyo, alijiambia. Mwizi ungemwona amelika mbele, kwa kukimbia.

Karatasi ya mpwa ilitaja namba na mita. Haikutaja kisigino, lakini mpwa mwenyewe alisomea uhasibu, viatu angevijulia wapi? Saa ya ukutani ikaruka dakika moja. Foleni ikasogea kikapu kimoja cha paka.

"Twende," akasema.

Na kweli jamaa alikuwa dereva. Alipenya kwenye magari kama uzi kwenye tundu la sindano, bila honi, bila matusi, mkono mmoja kwenye usukani. Fundi akatulia mpaka akalegeza tai.

"Nimekujua kwa kisigino," akamwambia.

"Kisigino?"

"Cha kulia. Kisigino hakidanganyi. Umeendesha miaka isiyopungua kumi."

"Kumi na minne, mzee! Malori, mabasi." Dereva akacheka, halafu kicheko kikamfia. "Hapa leseni yangu hawaitambui. Wanasema nirudi darasani nikafundishwe kushika usukani."

Fundi alikuwa bado anaitafuna sentensi hiyo gari lilipopunguza mwendo. Mbele, kwenye mlango wa daraja, wakaguzi wawili wenye vizibao vya rangi ya machungwa walikuwa wanasimamisha magari.

"Mzee, nisikilize vizuri," dereva akasema haraka, macho mbele. "Watakuuliza mimi ni nani wako. Lugha huijui, itikia kwa kichwa tu. Mimi mpwa wako, nimekuja kukupokea. Basi. Tunapita, saa nne kasoro robo uko mlangoni kwa mgonjwa."

"Mimi mpwa wangu ni mmoja, tena msichana."

"Hatugawani urithi, mzee! Ni kuitikia kwa kichwa!"

Mkaguzi aliinama dirishani. Alikuwa kijana mwenye ndevu chache, hana ukali wowote. Akauliza kitu. Dereva akajibu kwa tabasamu, akamwonyesha fundi kwa kidole gumba. Mkaguzi akamgeukia fundi, akarudia swali polepole, nyusi juu.

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Fundi alijua swali, alijua na jibu linalotakiwa, na shingo yake ilikuwa nzima. Lakini shingo ile ilikuwa haijawahi kuitikia uongo, na siku hiyo nayo haikujifunza. Kichwa kikaenda kushoto. Kikaenda kulia. Lugha hiyo wanaijua nchi zote.

Dereva akazima gari mwenyewe, bila kuambiwa.

Fomu zilikuwa nakala tatu. Ilibidi shahidi atie saini, na kabla ya saini ilibidi aelewe, na mkalimani hakuwepo. Mwishowe mshitakiwa mwenyewe akawa mkalimani. "Wanauliza kama nilikufuata au ulinifuata." "Ulinifuata," akajibu fundi. "Nitawaambia nilikufuata," akasema dereva, na akawaambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Fundi alipaza sauti, dada yangu, hospitali, saa nne, akajishika koo. Wakamletea maji ya kunywa.

Akiwa na bilauri mkononi, aliona teksi ikipita taratibu, namba mlangoni kubwa kama ya mshindi wa mbio. Dirishani kulikuwa na kikapu. Paka alimtazama fundi mpaka wakaachana kwenye kona.

Gari la kukokota lilipofika, dereva alitoa vitu vyake: koti, picha ya watoto wawili, chupa ya chai. Hakutukana. Ingekuwa nafuu kama angetukana.

"Umesema kweli, mzee," akasema tu. "Mungu akulipe."

Mkaguzi mwenye ndevu chache akamsimamishia teksi ya halali. Ilikuwa na mita, na mita ililia kama nyenje wa chuma njia nzima. Fundi akachungulia miguu ya dereva. Alivaa raba mpya kabisa, hazisomeki.

Alifika saa nne na robo. Mpwa wake alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi la ukumbini, mfuko wa plastiki mapajani.

"Mjomba."

"Wamemchukua?"

"Saa nne kasoro dakika mbili walikuja. Akawaomba dakika tano, wakampa. Akaomba tano nyingine, wakampa tatu."

"Alisema nini?"

Mpwa akajaribu kutabasamu. "Alisema, 'Huyo yuko stesheni, anachungulia viatu vya watu.'"

"Jina langu hakulitaja?"

"Alisema 'huyo'. Nikamwambia, mama, niachie mimi nimpe akifika. Akasema hapana, ni mpaka mlangoni." Akamtazama mjomba wake. "Kwani alikuwa anakuitaje?"

Fundi akafungua mdomo. Jina lilikuwepo, limekaa ulimini, lakini maisha yake yote hakuwahi kulisema. Lilikuwa jina la kuitwa. Akauchukua mfuko.

Ndani ya mfuko kulikuwa na viatu vya dada. Vya kahawia, vya kufunga, na mshono wa ukingoni ulikuwa wa mkono wa fundi mwenyewe, nyuzi mbili, wa miaka kumi nyuma. Dada alivivaa, basi, miaka yote hiyo ya kununa. Soli alikuwa ameibadilisha fundi mwingine, tena vibaya. Ncha ya mbele ya kulia ilianza kufumuka. Fundi akapeleka mkono mfukoni kutafuta sindano, akakumbuka mpakani.

Jioni walimtoa. Shingo ilifungwa bandeji, na katikati ya bandeji bomba dogo ndilo lililovuta hewa. Alipofumbua macho alimwona ndugu yake amesimama mlangoni kabisa, pale pale alipomwambia miaka sita kabla, viatu mkononi. Midomo ikaanza kujikusanya, kisha ikakumbuka. Akaomba daftari kwa kidole. Mpwa akampa, na kalamu.

Aliandika muda mrefu kwa mtu aliyeandika neno moja: *Umechelewa.*

Fundi akalisoma mara tatu, kana kwamba neno lina chini yake neno jingine. Ukweli wote alikuwa nao, kisigino, daraja, kichwa kilichokwenda kushoto na kulia. Akaviweka viatu chini ya kitanda, vidole vikielekea mlangoni.

"Foleni ilikuwa ndefu, dada," akasema.

Dada akamtazama. Alimjua mtu huyu toka akinawishwa macho. Uongo wake wa kwanza aliutambua kabla haujafika mwisho. Mabega yake yakaanza kutikisika, kitanda kikatikisika nayo, mpaka nesi akaja mbio akidhani anakabwa. Fundi alisimama akimwangalia. Kama alikuwa anacheka au analia, hakujua. Mambo hayo mtu huyajua kwa sauti.