Ukiona Jua, Funua

Nyangi wa Makoko alikuwa mtu wa kuridhika, na alijua kwamba anasifika kwa hilo. Balaa lilianzia hapo.

Tangu abatizwe alikuwa amepunguza mambo. Gauni moja la Sabato, sufuria moja ya kupikia Ijumaa chakula cha Sabato ya Jumamosi, na dagaa wa kuanika, kiasi ambacho mikono yake inaweza kugeuza juani. Mitumbwi ikiingia na wenzake wakianza kusukumana, yeye alisubiri pembeni, na ajabu ni kwamba hakukosa. Siku alipotoa ushuhuda kanisani, mzee wa kanisa Makongoro alisimama akasema, "Wapendwa, muwe kama dada Nyangi. Huyu hana papara na dunia." Nyangi aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini maneno yale alitembea nayo mwezi mzima.

Dagaa alinunua kwa ubia na Najat, binti wa fundi cherehani wa Mukendo, Mwislamu, mwepesi wa ulimi na wa mkono. Ijumaa mchana Najat akienda kuswali, Nyangi aligeuza dagaa wao wote. Jumamosi Nyangi akiwa kanisani, Najat naye aligeuza. Watu wa ufukweni waliwatania kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewapangia zamu.

Ijumaa hiyo simu ikaja kutoka Bunda: shangazi yake Najat amefariki. Dagaa walikuwa wameanikwa kichanjani tangu asubuhi, lakini wingu lilikuwa limetanda na bado walikuwa na maji. Najat alijifunga ushungi huku machozi yanamtoka, akamwambia Nyangi:

"Mama Jastin, nakuachia. Ukiona wingu, funika. Ukiona jua, funua haraka. Hawa wakikaa chini ya turubai na ubichi wao wanachemkaga."

"Nenda ukazike, Mama Samia. Kesho niachie mimi," Nyangi akamjibu.

Kesho! Alilitamka kama watu wanavyolitamka, siku isiyo na jina. Pikipiki ilikuwa imeshapotea barabarani ndipo alipokumbuka kwamba kesho ni Jumamosi. Angeweza kupiga simu, lakini unampigiaje mfiwa kumweleza habari za dagaa? Kumtuma jirani nako kulimshinda, maana amri ya Sabato inamtaja hata mgeni aliye malangoni mwako, naye amri hiyo aliwafundisha watoto kanisani kwa moyo.

Jioni wingu jeusi likaja kutoka upande wa kisiwa cha Rukuba. Akawakusanya dagaa rundo moja, akawafunika, akakandamiza turubai kwa mawe, akakimbia nyumbani kufungua Sabato kabla jua halijazama. Aliimba nyimbo zote, ila hakuna hata mmoja uliomwingia.

Kulikucha na jua kali la kuudhi. Nyangi alivaa gauni lake, akachukua Biblia, akapita njia ya juu ili asiuone ufukwe. Kanisani mabati yalikuwa yanalia kwa joto, na kila yalipolia alijua kinachoendelea kule chini. Kulifunua turubai ni kazi? Ni kuondoa mawe tu na kuvuta. Akakumbuka maneno ya Bwana kuhusu ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato. Lakini dagaa hawa hawakutumbukia, Nyangi wewe, uliwatumbukiza mwenyewe kwa ulimi wako.

Alitaka kuinuka wakati wa wimbo. Akageuka kidogo, akamwona mama Emanuel kwenye benchi la nyuma, yule asiyepitwa na jambo, anamtazama. Nyangi akarudi kukaa vizuri. Akamsikia Makongoro akihubiri raha ya watu wa Mungu, na yeye jasho linamtiririka mgongoni. Akakaa mpaka sala ya mwisho.

Alipofika ufukweni na gauni lake la Sabato, jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Alivuta turubai. Mvuke ulimpiga usoni, kisha harufu. Wa juu walikuwa salama. Chini, alipoingiza mkono, palikuwa moto na panateleza.

Akawatandaza wote hata hivyo, peke yake, akilia waziwazi bila kujali nani anapita. Kilichomliza zaidi ya dagaa ni jambo alilolijua pale pale, mikono ikiwa imejaa uozo: si Mungu aliyemkalisha kwenye benchi. Ni mama Emanuel. Kuridhika kule alikosifiwa kulikuwa vazi, naye alikuwa ameogopa kulichafua.

Najat alirudi jua linazama. Hakuhitaji kuambiwa, pua ilimtangulia.

"Mama Samia, pole na msiba," Nyangi alisema. "Nilikuahidi nikasahau siku. Kisha nikakumbuka, nikaogopa watu. Jua nililiona toka asubuhi."

Najat alichuchumaa kando ya kichanja akaanza kuchambua, wa kuliwa kulia, wa kuku kushoto. Rundo la kushoto lilikua. Nyangi akachuchumaa naye, akaanza kulivuta rundo hilo kwake.

"Hao ni wangu," alisema. "Wazima chukua wewe."

Najat akamshika mkono. "Acha ujinga. Mimi nilikuwaga najua kesho ni Sabato yako, nikakuachia hivyo hivyo kwa sababu nilikuwa na haraka. Tumenunua pamoja, tutaoza pamoja."

Nyangi akaliachia rundo. Makongoro alikuwa anapita barabarani na familia yake, akapunguza mwendo alipomwona dada Nyangi katika gauni la Sabato lililojaa magamba, wakati jua halijamaliza kuzama na Sabato haijaisha.

"Sabato njema, dada," alisema kwa sauti ya kuuliza.

"Njema, mzee," Nyangi akajibu, akaendelea kuchambua.