Kufuli Mbili Kwenye Mizani

Saa kumi alasiri, Fundi Kitasa ameinamia mashine yake ya kuchongea funguo, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya duka la rangi na ngazi za ghorofa. Anapuliza vumbi la shaba, anauchomeka ufunguo kwenye kufuli, anazungusha. Kufuli inafunguka. Mteja, mama aliyefungiwa nje ya nyumba yake tangu jana, anafurahi mpaka anamnunulia soda.

"Ahsante mama, mpe muuza rangi," anasema Fundi bila kuinua macho. "Mimi ya leo nimeshaimaliza."

"Ya leo" ni nusu lita tu, na humo yamo maji, chai, mchuzi na hata juisi ya chungwa. Kiu ikimbana, anafyonza kipande cha barafu. Figo zake ziligoma miaka miwili iliyopita, baada ya shinikizo la damu lililomla kimya kimya. Tangu hapo anachokunywa kinabaki humo humo mwilini: miguuni, usoni, mwisho kwenye mapafu. Ndiyo maana mara tatu kwa wiki anafunga kibanda na kwenda hospitali kusafishwa damu.

Ukimuuliza figo inafanya nini hasa, anachukua kopo la funguo za zamani na kulimwaga lote mezani.

"Hivi ndivyo muuguzi alivyonielewesha," anasema. "Kwanza figo inamwaga: maji, chumvi, sukari, uchafu, vyote. Halafu inachagua. Hiki kizuri, rudi kwenye damu. Hiki bado kinafaa, rudi. Takataka, nenda kwenye mkojo. Umekunywa maji mengi? Inaachia mengi. Umeshinda juani? Inabana. Kutwa kucha, na hakuna anayeituma."

Mashine ya hospitali haina akili hiyo. Inatoa maji kiasi ilichoambiwa, basi. Mgonjwa anapimwa uzito kabla ya kupanda kitandani, na kilo zilizozidi uzito wake wa kawaida zinahesabiwa kuwa ni maji.

Hapo ndipo fundi wetu alipojiponza. Miezi minne iliyopita mteja king'ang'anizi alimchelewesha. Fundi akafunga kibanda harakaharaka, akasukumiza mifukoni vyote vilivyokuwa mezani, yaani kufuli mbili kubwa za geti na furushi la funguo, akakimbia. Akapanda mizani hivyo hivyo, suruali ikimning'inia.

"Umekunywa sana wewe," muuguzi alimgombeza. Fundi akaapa kwamba hajanywa. Nani angemwamini? Wagonjwa wote huapa hivyo.

Mashine ikatii, ikavuta maji ambayo hayakuwa ya ziada. Baada ya muda misuli ya miguu ikakaza, jasho jembamba likamtoka, macho yakaingia giza. Dada yake, muuza sare za shule ambaye humsindikiza kila mara, alimwita, hakuitika. Muuguzi akamrudishia maji mwilini na kumwinua miguu juu. Kufuli zikaporomoka sakafuni, moja baada ya nyingine.

"Kila mtu aliziangalia zile kufuli," dada anakumbuka. "Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia."

Alikuwa na mengi ya kumliza. Kwa mwaka mzima alimwomba mdogo wake akubali figo yake moja. Vipimo vilionyesha zinaoana, madaktari waliridhia. Mbishi alikuwa Fundi mwenyewe. Dada huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na hakutaka hata kusikia habari ya kumpasua kwa ajili yake. "Nibomoe nyumba ya mtu nijengee yangu?" alikuwa akisema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Siku ile alipozinduka, dada hakumbembeleza.

"Mdogo wangu, unasema unaogopa nisije nikaumia," alimwambia. "Leo nimekaa hapa nimekushika mkono, wa baridi. Hiyo unaiitaje?"

Fundi ni mtu wa maneno mengi, anayetaniana na wateja mpaka wanasahau walichofuata. Siku hiyo aliangalia dari, machozi yakimteremkia masikioni. Kisha akasema, "Haya, dada."

Upasuaji umepangwa mwezi ujao. Muuza rangi atakiangalia kibanda. Fundi ana mipango tele, na wa kwanza anautaja bila aibu: kukojoa.

"Nyinyi mnaamka usiku kwenda msalani mnanung'unika," anasema. "Mimi nitakwenda kama naenda harusini."

Lakini anapoulizwa neno gani atalitamka kwanza akizinduka, utani unakatika. Anafuta mikono kwenye koti la kazi.

"Sitauliza kama figo inafanya kazi," anasema. "Nitauliza dada yuko wapi."

Dada amekuja na chakula chake kisicho na chumvi. Anasogeza funguo pembeni, anaweka bakuli mezani.

"Nitakuwa kitanda cha pili, nakusubiri," anasema. "Kula, kinapoa."