Siku Dative Alipolegeza Kamba

Dative alifanya kazi ya jikoni miaka tisa katika mtaa wa Kibenga, kwa Pierre na mkewe Annick. Mwaka wa pili Pierre alirudi nyumbani na mtoto wa mbwa ndani ya katoni ya sabuni. Alikuwa jike, wa rangi ya kahawia. Binti yao Benite, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne, akamwita Biskwi. Dative alimwambia Annick kwamba atapika, atafua, atadeki, lakini mnyama huyo hatamshika.

Haikufika wiki akamshika. Mbwa alikuwa akilia nyuma ya mlango wa jikoni, wenye nyumba wametoka, na Dative hakuweza kuchambua ndagala, wale samaki wadogo, huku kilio kile kikiendelea. Akamchukua, akamlaza juu ya miguu yake, akaendelea na kazi. Tangu siku hiyo chakula cha Biskwi kilitoka mikononi mwake: ugali uliobaki, vichwa vya samaki, mchuzi usio na pilipili.

Miaka saba baadaye Pierre na Annick wakapata karatasi za kwenda Kanada.

"Biskwi ataenda kwa Bonfils," Annick alisema. "Iko na depo kule Asiatique, anatafuta imbwa ya kulinda."

Benite aliambiwa jambo jingine. Aliambiwa Biskwi anakwenda kwenye nyumba yenye bustani kubwa. Dative alikuwa akikunja mashuka chumba cha pili, akasikia yote, akaendelea kukunja. Uwongo haukuwa wake.

Miezi miwili ilipita. Dative sasa alikuwa akifua nguo siku tatu kwa wiki katika nyumba nyingine ya Kibenga. Siku moja alikwenda Asiatique, mtaa wa maduka, kumtafutia mjukuu wake kitambaa, na miguu ikampeleka kwenye ghala la Bonfils, ile depo. Biskwi alikuwa nyuma, katikati ya magunia matupu, amefungwa mnyororo ambao haukumruhusu hata kugeuka. Shingoni mnyororo ulikuwa umeingia ndani ya nyama. Alipomwona Dative hakubweka. Alijikojolea.

"Mi nilitaka imbwa ya kubweka," Bonfils alisema, bila ubaya wowote katika sauti. "Hii inalia kama mutoto. Wezi walipanda ukuta, ikawatikisia mukia."

"Na hiyo shingo?"

"Anajivuta mwenyewe."

"Nimubebe?"

Bonfils alimtazama kama mtu aliyepunguziwa mzigo. "Mubebe, mama. Utanisaidia."

Hakuna basi lililokubali kumpakia mbwa mwenye kidonda. Walipanda kwa miguu mpaka kwake Musaga, Dative mbele na Biskwi nyuma, wakipumzika kila palipokuwa na kivuli.

Dative alikuwa na vyumba viwili vyenye mlango mmoja katika ua wa kupanga. Chumba kimoja kilikuwa cha binti yake Amandine, aliyekuwa amejifungua karibuni. Kwenye mlango wa pili wa ua ule aliishi Asiya, fundi cherehani kutoka Uvira. Asiya alieleza mapema, kwa upole, kwamba kwake mate ya mbwa ni najisi na hataki Biskwi asogee mkeka wake wa kuswalia. Lakini kila Ijumaa, akishapika samaki, alimrushia kichwa kutoka mbali.

Amandine hakuwa mpole. "Mama, ndani haingii. Imbwa ao mutoto, chagua."

Basi Biskwi alilala nje, chini ya mabati ya kibaraza. Daktari wa mifugo alimsafisha kidonda, akamchoma sindano ya chanjo ya kichaa cha mbwa, akajaza karte, kadi ndogo ya kijani. Kwenye nafasi ya mwenye mnyama akaandika Dative. Baada ya wiki sita manyoya yalianza kuota tena shingoni, isipokuwa mstari mmoja mwembamba uliobaki mwekundu.

Halafu mbwa mwenye kichaa akapita karibu na soko, akawauma muuza ndizi na wanafunzi wawili. Mwanafunzi mmoja alikufa. Watu walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa ya haki. Kesho yake kipaza sauti kilipita mtaani: kwa siku tatu nyama yenye sumu itawekwa njiani, kila mwenye mbwa amfunge.

Dative alichukua karte, akaenda nayo kwa mkuu wa mtaa. "Ya kwangu imechanjwa. Angalia, tarehe iko hapa."

Mkuu alisoma karte yote, mbele na nyuma, kisha akamrudishia. "Sumu haisomi karte, mama. Mufunge."

Akamfunga. Alitafuta kamba laini, akaizungushia kitambaa ili isimuumize. Haikusaidia kitu. Kamba ilipogusa shingo, Biskwi alianza kutetemeka mwili mzima, akajivuta, akajivuta tena, na siku ya pili ule mstari mwekundu ukafunguka ukatoa damu. Chakula hakukigusa. Dative alijaribu kumfunga kifuani badala ya shingoni. Mbwa akajizungusha mpaka kamba ikarudi kooni.

"Mama Amandine," Asiya alisema akiwa mlangoni mwake, "huyu anajinyonga."

Asubuhi ya siku ya tatu Dative alipaswa kwenda kufua. Alimwomba Amandine amwache Biskwi ndani siku hiyo moja tu. Amandine alimpakata mtoto, akaingia ndani na kufunga mlango. Dative alichuchumaa, akatazama kile kidonda, akaona nzi. Akaifungua kamba. Alifunga mlango wa ua kwa waya, akamwita Asiya.

"Mulango usifunguliwe mpaka nirudi."

"Sawa, dada. Nitaangalia."

Petroli ilikuwa imekosekana mjini wiki ile, na jioni Dative alirudi kwa miguu. Alipofika, mlango ulikuwa wazi. Asiya alikuwa amekaa chini udongoni, nguo zimelowa, mikono imejaa povu na maziwa mpaka viwikoni. Biskwi alikuwa amelala kando yake, miguu imenyooka.

"Maji ilikuya," Asiya alisema. "Siku ine hatukuwa na maji. Watu walipiga kelele, nikakamata bido ya kuchotea, nikakimbia. Nilisahau mulango. Alienda barabarani, kule unapitaka ukienda kazi. Alirudi mwenyewe. Nilimunywesha maziwa, ikakataa kushuka."

Dative aliitazama mikono ile ambayo ilikuwa haijawahi kumgusa mbwa.

"Mi ndiye nilifungua kamba," akasema. Asiya hakupinga.

Mwenye ua alikataa mbwa azikwe pale. Asubuhi lori lilipita likikusanya mizoga. Kijana mwenye glavu alimkamata Biskwi miguu ya nyuma.

"Ya nani hii?"

"Yangu."

Akamrusha juu ya wengine.

Jumapili Annick akapiga simu ya video, kama alivyokuwa akifanya mara moja kwa mwezi tangu aliposikia Dative amemchukua mbwa. Dative alimweleza kwa ufupi. Annick alifunika mdomo, kisha akasogeza uso karibu na simu na kushusha sauti.

"Usimwambie mutoto. Sema analala. Tafadhali, Dative."

Benite alikuwa ameshafika, akaichukua simu. Alikuwa amerefuka, na kwa maneno ya mama yake bado aliamini Dative na Biskwi wako kwenye ile nyumba yenye bustani. "Mama Dative, nionyeshe Biskwi."

Dative alifikiri kusema analala. Neno lilifika ulimini, likamchukiza.

"Biskwi amekufa, mwanangu. Alikula sumu."

Benite akauliza, "Kwenye bustani?"

"Hapakuwa na bustani. Alikuwa kwenye mnyororo, halafu alikuwa kwangu."

Simu ikakatika. Baadaye ulikuja ujumbe mmoja wa Annick: *Umeniumizia mtoto bure. Sikutegemea hivyo kutoka kwako.* Dative aliusoma mara mbili, akaanza kuandika jibu, akalifuta. Mwezi uliofuata alipiga yeye. Simu haikuita. Alikuwa amezuiwa.

Amandine alisema afadhali, sasa ua ni safi. Dative bado anafua Kibenga siku tatu kwa wiki. Yeye na Asiya wanasalimiana asubuhi, wanaulizana kama maji yamekuja, kisha kila mmoja anaingia kwake.