Huwaambia wageni wasije Mikumi Aprili, kisha mama yake akachagua Aprili

MIKUMI. Saa mbili asubuhi, mvua inapiga bati la ofisi ndogo kando ya barabara kuu ya Iringa, na ndani yake Kornelio Madeye anafanya kazi ambayo tajiri wake hajawahi kuielewa vizuri. Anafukuza wateja.

"Kaka, usije," anasema kwenye simu, sikio moja ameliziba kwa kidole kwa sababu malori yanayokwenda Zambia yananguruma nje. "Nyasi zimenipita kichwa. Simba anaweza kulala hatua tano kutoka kwenye gari, mimi na wewe tukamaliza siku nzima tunasifia mawingu. Njoo Julai. Hapana, kaka, sikatai hela yako. Naiahirisha tu."

Anakata simu, anapiga miayo, anajimiminia chai.

Kornelio, mwenye umri wa miaka 43, ni dereva na mwongoza watalii. Ameizunguka Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa miaka kumi na minne, na kwa muda wote huo swali analoulizwa halijabadilika: mwezi gani ni mzuri kuja kuona wanyama?

Jibu lake analo kichwani kama sala. Juni hadi Oktoba ni kiangazi, nyasi zimelala, maji yamebaki kwenye mabwawa machache na wanyama wanajileta wenyewe. Novemba na Desemba kuna mvua za vuli, ndege ni wengi, mtu anaweza kubahatisha. Januari na Februari si haba. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei ni masika, na hapo ushauri wake ni mfupi: kaa kwako.

"Udongo wa kule uwandani ni mweusi na ukilowa hauna huruma," anasema. "Gari linazama mpaka tumbo. Mgeni ametoka mbali kuja kuona tembo, anaishia kuniona mimi na koleo."

Magreti, mwenye kampuni hiyo yenye magari mawili, amekwisha kukata tamaa ya kumbadilisha. "Niliajiri dereva, nikapata mtabiri wa hali ya hewa," anasema, huku akimkata jicho. "Ila wanaoambiwa wasije wanarudi Julai na ndugu zao wote, kwa hiyo namwacha na mdomo wake."

Ndiyo maana mji mzima wa Mikumi ulipata cha kuongea Aprili mwaka jana. Masika yakiwa yamekolea, Kornelio alionekana amevaa sare iliyopigwa pasi, ametia gari mafuta, anaelekea hifadhini na mtalii mmoja tu. Mtalii huyo alikuwa na miaka 74. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, amepakata kikapu cha mihogo ya kuchemsha, na alikuwa amemzaa dereva.

Bi. Yunis ni mjane, mkulima wa mahindi na vitunguu wa Munisagara, kwenye reli, juu ya mji wa Kilosa. Kutoka kwake hadi kwa mwanawe ni safari ya nusu siku: bodaboda hadi Kilosa, kisha basi la Mikumi. Basi hilo huingia mjini bila kukatiza hifadhini, kwa hiyo Bi. Yunis alikuwa anakuja, anabeba wajukuu, anagombana na mkwewe kuhusu chumvi, na anarudi zake bila kuona hata mkia wa swala.

Kornelio alimwalika kwa miaka minane. Kwa miaka minane alijibiwa.

"Nikisema Juni, anasema mahindi hayajaletwa ndani," anasimulia. "Nikisema Julai, kuna vitunguu bondeni, vinataka maji. Agosti askofu anakuja kwa kipaimara, na yeye ndiye anayepika wali. Septemba vitunguu vinang'olewa. Oktoba kuna harusi. Mama yangu ana harusi nyingi kuliko mchungaji. Novemba anatayarisha shamba, ndiyo ikaingia vuli. Mwaka umekwisha."

Bi. Yunis, alipotembelewa na mwandishi nyumbani kwake wiki iliyopita, hakuona haya. "Vitunguu havijui kama nina mtoto Mikumi," alisema. "Halafu mimi nilikuwa sijaelewa ninaitwa kwenda kufanya nini. Mtu mzima uache shamba, ulipe, uende kutazama mnyama anakula?"

Hapo ndipo palipokuwa pakimuuma Kornelio. Mama yake hakuwahi kuamini kwamba anafanya kazi. Kwa Bi. Yunis, kazi ni ile inayokunja mgongo. Kanisani, akiulizwa habari za mwanawe, alikuwa akijibu kwa sauti ya kuomba radhi: "Yupo. Anatembeza watu."

Mzaha uliisha mwaka juzi. Kornelio alimpeleka mama yake hospitali mjini Morogoro baada ya kumwona akimimina chai pembeni ya kikombe. Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa. La kulia lilikuwa linaanza kufifia, na dawa ya matone ingelichelewesha tu.

"Nilimuuliza daktari, kinachopotea kinarudi? Akasema hakirudi," anasema Kornelio, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hana utani. "Nilitoka pale nikajiambia, mama yangu lazima amwone tembo kabla jicho hilo halijazima. Nimewaonyesha tembo watu wa dunia nzima, hadi mgeni mmoja aliyekuwa amesinzia garini tukamwamsha. Mama yangu hajamwona hata mmoja."

Akarudi kwenye Juni, Julai na Agosti zake. Bi. Yunis naye akarudi kwenye mahindi, vitunguu na askofu. Mwisho mtoto akasalimu amri.

"Nikamwambia, mama, haya, wewe hasa una nafasi lini? Akafikiri vizuri kabisa, akasema: Aprili. Mahindi yameshapaliliwa, vitunguu bado, mvua inanyesha, watu tumekaa tu." Kornelio anajishika kichwa. "Nilitaka kulia. Miezi yote hiyo Mungu ameumba!"

Alijaribu kumweleza habari za nyasi. Mama akamuuliza kama tembo huwa wanahama Aprili. Akakiri kwamba hawahami. "Basi wapo," akasema Bi. Yunis, na mjadala ukafungwa.

Magreti alitoa gari kwa sharti kwamba lirudi kwa magurudumu yake lenyewe.

Bi. Yunis alikataa kabisa kukaa nyuma kama wageni wengine. Alipanda mbele, kushoto kwa mwanawe, kikapu mapajani. Walipovuka tu lango, Kornelio alipunguza mwendo na, kwa mazoea ya miaka kumi na minne, akaanza: "Karibuni sana Mikumi. Kwa upande wenu wa kulia mtaweza kuona..."

"Mbona unaongea kama uko mnadani?" mama yake akamkatiza. "Na hao wengine unaowakaribisha wako wapi?"

Wanyama wa kwanza walikuwa nyani, kundi zima, wamekaa barabarani wanachambuana chawa. Bi. Yunis aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo cha mbele, akawatambua, akageuka polepole kumtazama mwanawe.

"Kornelio. Nimepanda pikipiki kwenye mvua. Nimepanda basi. Nimekuja kuona nyani? Nyani ninao nyumbani, wanajua mpaka jina langu."

Baada ya nyani zilikuja nyasi. Saa nzima, nyasi. Kornelio anasema alionyesha kwa kidole mahali ambapo Julai huwa kuna nyati, mahali ambapo Agosti huwa kuna twiga, na mti ambao simba jike huupenda sana mwezi Septemba. Mama yake alifuata kila kidole kwa adabu. Mwishowe akauliza kama hiyo ndiyo kazi yenyewe, kukaa kwenye kiti na kunyoosha kidole.

Ni aibu hiyo, anakiri, iliyomtia kichaa. Aliacha barabara ya changarawe akaingia kwenye kijia kinachoshuka uwandani, kijia ambacho kila masika huwakataza madereva wenzake. Alikwenda mita mia mbili. Gari likaguna, likakaa chini.

Akapiga simu kuomba trekta. Akaambiwa litafika saa nane mchana. Saa hizo ilikuwa saa nne na nusu.

Bi. Yunis alimenya muhogo, akala, akautazama mwingine. Kisha akashika kitasa cha mlango. "Nipishe nikate matawi tuweke chini ya magurudumu."

"Hairuhusiwi kushuka, mama."

"Nimetoa mkokoteni wa vitunguu kwenye tope kabla wewe hujazaliwa."

"Mama, kaa. Huku kuna wanyama."

"Wako wapi?" akauliza Bi. Yunis, na Kornelio akanyoosha kidole kwenye nyasi. Mama yake akanuna. Alimgeukia, mgongo umeegemea mlango wake, akaanza kumweleza ni watoto gani wa rika lake pale Munisagara wamejenga nyumba za matofali.

Alikuwa amefika mtoto wa tatu wakati nyasi zilipoachana nyuma yake.

Tembo walikuwa tisa. Walitoka bila kishindo, kama watu wanaochelewa ibada, na yule mkubwa, jike, alikuja moja kwa moja hadi dirisha la kushoto. Dirisha lilikuwa wazi. Bi. Yunis alikuwa anaendelea kusimulia. Upande ule jicho lilikuwa limekufa, na uso wake ulikuwa umemwelekea mwanawe. Tembo alikuwa ananusa kitenge chake na yeye hana habari.

"Nilijua akishtuka akapiga kelele, tumekwisha," anasema Kornelio. "Katikati yao kulikuwa na mtoto mdogo. Jike mwenye mtoto hataki mchezo."

Aliweka mkono juu ya goti la mama yake. Kwa sauti ile ya chini anayoitumia na wageni wenye moyo mwepesi, alimwambia: "Mama, usiseme kitu. Geuka taratibu. Geuza kichwa chote."

Bi. Yunis aligeuza kichwa chote.

Yaliyofuata kila mmoja anayasimulia kwa namna yake. Kornelio anakumbuka kwamba mtoto wa tembo alisogea kwenye gurudumu la mbele, jike akatanua masikio na kutikisa kichwa, na yeye akaendelea kunong'ona: tulia, anatupima tu, usimtazame mtoto, pumua. Anakumbuka dakika kumi na moja, kwa sababu aliitazama saa ya gari asipate kuyatazama masikio. Anakumbuka pia kwamba mama yake, ambaye hajawahi kunyamaza hata kwenye msiba, alinyamaza.

Bi. Yunis anakumbuka kope.

"Ana kope," alimwambia mwandishi, akiinua vidole viwili vyenye ugumu wa jembe kuonyesha urefu wake. "Ndefu hivi, zimeshuka chini. Nimesikia habari za pembe, za mkonga, za masikio. Hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia tembo ana kope. Alinitazama kama mwanamke mwenzangu aliyechoka. Nikamwonea huruma."

Tembo wakaondoka kama walivyokuja. Kisha Bi. Yunis akautazama mkono uliokuwa bado juu ya goti lake.

"Haukutetemeka," akasema.

"Ndivyo tunavyofanya, mama."

"Na wewe ulikuwa unaogopa."

"Sana."

Alifikiri kidogo, akampa mwanawe muhogo mkubwa uliobaki. "Basi hii ni kazi," akasema.

Kornelio anaongeza, kwa kuwa anapenda ukweli, kwamba miguu ilikuwa ikitetemeka vibaya sana, ila ilikuwa chini ya usukani.

Trekta lilifika saa tisa, na dereva wake alicheka mpaka akashuka kujiegemeza. "Kornelio! Si wewe unayewaambia watu wasije Aprili?" Kabla hajajibu, mama yake alitoa kichwa dirishani. "Mwache mwanangu," alisema, "yuko kazini."

Jumapili iliyofuata, pale Munisagara, Bi. Yunis alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Wanaohudhuria wanasema tembo walikuwa tisa siku hiyo. Kufikia Krismasi walikuwa ishirini na wawili na mmoja alikuwa amempokea kikapu. Kope hazijabadilika. Kila anaposimulia zina urefu uleule.

Jicho la kulia halikungoja. Siku hizi Bi. Yunis anaona mwanga wa mlango na umbo la mtu aliyesimama mbele yake, na sura anaijua kwa sauti. Vitunguu sasa vinapandwa na jirani, kwa hiyo Julai ana nafasi tele. Kornelio alipoona hivyo, alimwomba waende tena, safari hii kwa msimu unaoeleweka, barabara kavu.

Amekataa. Amechagua Aprili tena, mwezi ujao, na anakuja na wenzake wawili wa umoja wa akina mama. "Kiangazi watu wengi, magari yanapiga kelele," alisema. "Mimi naenda kuwasikia wakila. Hao wenzangu watatazama, mimi nitawaambia pa kutazama."

Kornelio ameshanunua matairi mawili ya tope na koleo jipya. Matumaini yake ni kwamba tembo watafika kabla ya trekta.

Simu inaita tena. Ni mteja aitwaye Marko, anapiga kutoka Dodoma. Anasema baba yake ametamani kuiona Mikumi tangu alipostaafu, na kwamba yeye amesoma mtandaoni, anajua masika hayafai, kwa hiyo anataka kuhakikisha tu: aweke Julai au Agosti?

"Julai ndiyo yenyewe," Kornelio anaanza, kama alivyoanza mara elfu. "Nyasi zinakuwa zimelala, maji yamebaki..."

Anageukia mlangoni. Nje mvua imeongezeka, mferejini maji yanapita yamebeba chupa na majani.

"Mzee ana umri gani?" anauliza.

Anasikiliza jibu, anaitikia kwa kichwa ingawa Marko hamwoni.

"Themanini na mbili," anarudia taratibu. "Basi njooni Jumamosi."