Wiki Tatu za Tumpe kule Nkunga

Kwa miaka ishirini na miwili Tumpe alikuwa akiogesha wazee wa watu. Ndiyo ilikuwa kazi yake, katika nyumba ya kutunzia wazee kwenye mji mdogo wa Ujerumani. Alijua namna ya kumshika mzee kwapani asiteleze, na namna ya kumfunika taulo asione aibu. Mwanzoni karatasi za ukaazi zilimzuia kurudi, baadaye zikawa zamu za kazi, mwishowe yakawa mazoea tu. Baba yake alipozikwa, aliyatazama mazishi kwenye simu, amekaa katika chumba cha kubadilishia nguo.

Aprili mwaka huu akaja nyumbani kwa wiki tatu. Mvua ilikuwa hainyamazi. Bodaboda aliyempakia Tukuyu alimuuliza anakwenda kwa nani huko Nkunga. Akataja jina la baba yake, dereva hakulijua. Akataja la Justa, mjane wa kaka yake.

"Aa, kwa mama Doreen! Si ungesema mapema."

Mama yake alimtambua palepale. Alimshika mashavu kwa mkono mmoja, akalia na kumshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu, ndaga fijo." Kisha akamwagiza Justa atoe sahani za maua, zile za kumpakulia mchungaji akija. Tumpe akala ndizi peke yake sebuleni, akisikia mama na Justa wakicheka jikoni. Alipowafuata, maongezi yakakatika. Justa akafuta kigoda kwa khanga, akamkaribisha.

Siku ya tatu Justa alikwenda shambani kuchuma parachichi. Tumpe akachemsha maji.

"Mama, leo nakuogesha mimi."

Mama akaukaza mgolole wake. "Hapana. Nitamsubiri Justa."

"Lakini hii ndiyo kazi yangu, mama. Wazee wa kule wote naogesha mimi."

"Hao ni wa kazi yako."

"Na wewe ni mama yangu!"

"Ndiyo, mwanangu. Lakini mwili huu huujui."

Maji yakapoa ndooni. Justa aliporudi, akayachemsha upya, akamwongoza mama hadi kwenye bafu la mabati nyuma ya nyumba. Tumpe alisimama kwenye migomba, akiwasikiliza wakizungumza Kinyakyusa. Maneno aliyajua, ila yalimfikia yakiwa yamechelewa, na alipolielewa jambo la kuchekesha, wao walikuwa wameshamaliza kucheka.

Jioni alimuuliza Justa kuna nini.

"Alianguka mwaka juzi, wifi. Bega la kushoto halipandi. Ukimnyanyua vibaya analia kama mtoto."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ungeacha kazi uje."

Tumpe alijiuliza kama kweli angekuja.

Kesho yake akamwomba Justa amwombee ruhusa kwa mama, japo asaidie kidogo. Mama akasema, "Miguu, sawa."

Basi kila asubuhi Justa alimwogesha mama, akamvisha, akamketisha kibarazani, na Tumpe akapiga magoti na kumsafisha miguu. Aliisugua taratibu, kidole kwa kidole, akakata kucha zilizokuwa ngumu kama pembe. Siku moja mama alisinzia, mkono wake wa kulia ukamwangukia Tumpe kichwani, na Tumpe akakaa hivyo bila kutikisika mpaka magoti yakafa ganzi. Siku nyingine zote, alipomaliza, mama alimwambia, "Asante, mgeni wetu. Pole kwa kazi."

Siku ya kuondoka kulikuwa na ukungu na baridi kali. Mama alimwombea kwa Kinyakyusa, sala ndefu, akiwataja watoto wote waliosafiri wa ukoo ule. Justa akambebea begi hadi barabarani, wakakumbatiana, akarudi mbio kwa sababu uji ulikuwa jikoni.

Bodaboda ilipofika kwenye kona, Tumpe aligeuka. Mlango ulikuwa umeshafungwa kwa ajili ya baridi, na moshi ulikuwa ukipanda juu ya bati la jiko.