Siku Nilipojiita Mtu wa Majanji

Kuna asubuhi moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka masikio yanawaka moto. Nilikuwa msichana mzima, najua kila kichochoro cha Busia, huku na ng'ambo ya Uganda. Tulipanga chumba nyuma ya pale malori yanalala. Busia si kama Malaba. Malaba mpaka ni mto, unaona daraja, unajua umevuka. Kwetu hapa mjini mpaka ni ardhi kavu. Unanunua chumvi Kenya, ukigeuka kusalimia mtu uko Uganda. Kwa hivyo sisi wa mjini tulizoea kuvuka hata na ulimi. Huku tulikuwa wa huku, kule tulikuwa wa kule.

Nilikuwa nauza ndizi mbivu katika soko la ng'ambo. Wenyeji walikaa chini ya mabati, wageni wakakaa juani. Asubuhi hiyo mwanamume aliyekuwa akiwapangia wauzaji nafasi akaniuliza, "Nyabo, wewe wa wapi?" Nikamjibu bila kumeza mate, kwa heshima ya Kiganda kama yeye, "Mimi wa Majanji, ssebo." Majanji yenyewe, huko ziwani upande wa Uganda, sikuwa nimeiona hata siku moja. Nilijua tu samaki wanatoka huko. Akanionyesha nafasi ya kivulini. Nikajiona mjanja.

Baadaye nikasikia kuna kazi Malaba, ya kupikia madereva katika hoteli moja. Mwenye hoteli, mama wa Kiteso asiyecheka ovyo, akaniambia, "Leta kitambulisho kabla mwezi haujaisha. Bila hicho sikuchukui." Niliitaka ile kazi kuliko kitu chochote. Mama yangu alikuwa amevimba miguu, hawezi tena kusimama sokoni, na nyumba nzima ilikuwa inaniangalia mimi.

Sasa, sisi wa mpakani hatupati kitambulisho kwa kujaza fomu peke yake. Wazee wanakaa kwa chifu, wanakuuliza maswali, mpaka wajue kweli wewe ni mtoto wa hapa. Nikaenda nimejipaka mafuta vizuri. Wazee wanne kwenye benchi.

"Kwenu ni wapi?"

"Hapa mjini, nyuma ya malori."

"Malori yanazaa watu siku hizi?" Watu wakacheka. "Nauliza babu yako alizikwa wapi."

"Matayos, huko ndani."

"Mvua ikinyesha kwa shamba la babu yako, maji yanaingia mto gani?"

Nikataja mto niliozoea kuusikia. "Malaba, mzee."

"Ati Malaba! Kwa Wateso, huko juu! Maji ya kwenu yanapanda mlima, dada?"

Hapo ndipo mzee wa mwisho kwenye benchi akakohoa. "Huyu namjua. Juzi nilikuwa ng'ambo natafuta mbuzi. Nilimsikia na masikio yangu akisema yeye ni wa Majanji."

Hakuna aliyecheka tena. Mkubwa wao akafunga kitabu. "Basi Majanji wakupe kitambulisho."

Nilitembea mpaka Matayos nikilia. Nikaenda kwa dada ya baba yangu, senge tunavyosema, mjane aliyekuwa amerudi kuishi kwenye boma la babu. Nikamweleza yote, nikitarajia anihurumie. Akaendelea kuchambua mboga.

"Kwa hivyo babu yako umembadilisha na kivuli cha mabati," akasema. "Kuvuka si kosa. Mimi niliolewa Uganda, nikazaa watoto sita huko. Lakini hakuna siku niliulizwa kwetu nikataja kwingine. Wewe umekataa kwenu hata kabla hujapajua. Simama, twende."

Tukaanza na kaburi la babu. Tukashuka kijito cha nyuma ya boma, tukapita bwawa wanapochimba udongo wa vyungu, tukaenda mpaka tukatokea kwenye mto Sio. "Maji ya kwenu yanaingia hapa," akasema, "halafu yanaenda mpaka ziwani. Ng'ambo hiyo ni Marachi. Mama yako ni wa huko. Siku ya kuolewa alivuka hapa maji yakiwa kiunoni, ameweka nguo zake kichwani." Sikuwahi kuambiwa. Ama pengine niliambiwa, sikusikiliza. "Sasa rudia," akasema. Nikikosea tunarudi kaburini, tunaanza upya. Siku tatu, mwanangu, na magoti yake yalikuwa mabaya.

Wiki ya baraza lingine nikasimama mbele ya wale wazee. Waliuliza, nikajibu, kutoka kaburini mpaka ziwani. Yule wa mbuzi akanitazama. "Na yule wa Majanji?"

"Alikuwa mwongo, mzee. Ndiye mimi. Nisameheni."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Andikeni. Huyu ni wetu."

Lakini kitambulisho kilitoka mwezi umekwisha. Nilipofika Malaba nilikuta msichana mwingine ameshika mwiko. Yule mama alinipa chai, akanipa pole, basi. Mama yangu aliishi na ile miguu yake muda mrefu bila dawa ya maana, na kosa lilikuwa langu.

Kwa hivyo nakuambia bila kuzunguka. Ukiulizwa kwenu usinitajie stendi, wala jina la hoteli lililo kwenye ramani ya simu yako. Jua maji yenu yanakwenda wapi, nani alilima pale kabla yenu, na mama yako alivukia wapi. Waulize walio hai wiki hii, usingoje matanga. Vuka mpaka ukitaka, fanya biashara, olewa huko, oa huko. Ila mdomoni mwako kwenu kuwe mahali pamoja tu, jua liwake, mvua inyeshe.

Mungu akufungulie njia za mbali. Akupe watu wema kila upande utakaofika, na watoto wako wasikose mtu wa kuwashika mkono akawaonyesha kwao.