Jego la Kahawia

Pauline alijulikana kijijini Matulo kwa mkokoteni wake wa kuuzia maji. Mumewe alipofariki, punda jike aitwaye Kahawia ndiye aliyebaki kuvuta riziki ya nyumba. Mwaka huu, kabla ya mvua, Kahawia akaanza kukonda. Alitafuna akiinamisha kichwa upande, kisha madonge ya nyasi yakamdondoka yakiwa hayajasagika. Mdomo ulimnuka. Pauline akampa dawa ya minyoo, isisaidie.

Wanyonyi, shemeji yake, alikuja kumtazama.

“Shemeji, huyu amezeeka bana. Si uwapee tu wachinjaji?”

“Kila asubuhi anakimbilia ndoo,” Pauline akajibu. “Anataka kula. Kitu fulani ndio kinamzuia.”

Akampigia simu Abdi, daktari wa mifugo wa Kitale. Abdi alifika kwa pikipiki, akamdunga Kahawia sindano ya kumtuliza, akamwachamisha mdomo kwa chuma na kumpa Pauline tochi.

“Mulika huku nyuma, mama.”

Jego moja la juu lilikuwa limeoza na kuvunjika, nyasi zilizovunda zimejaa shimoni. La chini yake, kwa kukosa la kusagana nalo, lilikuwa limerefuka hadi likachoma ufizi.

“Na mimi namfunga mkokoteni kila siku!” Pauline alisema.

“Punda akiumwa hunyamaza tu. Ndiyo maana watu wengi huchelewa.”

Abdi akaongeza sindano ya ganzi. Kulitikisa jego lile pole pole hadi likatoka na mizizi yake kulimchukua mchana wote. Kisha akalipunguza lile refu kwa tupa. Akaagiza Kahawia apewe pumba zilizolowekwa, asifanye kazi mpaka apone, na mdomo wake uchunguzwe kila mwaka.

Pauline akajitwika maji kichwani. Shingo ilimuuma, na baadhi ya wateja wakahamia kwa wengine. Lakini Kahawia alimaliza pumba zake, na mbavu zikaanza kufunikwa na nyama. Punda aliporudi kazini, Pauline alimpunguzia mitungi ya maji, na hajaiongeza tena hadi leo.

Abdi alipokuja tena kumtazama Kahawia, Wanyonyi alikuwa amefika mapema na punda wake mwenyewe, akitaka naye aangaliwe meno. Abdi akamkagua vizuri. Meno yalikuwa mazima. Kwato ndizo zilizokuwa mbaya, na punda alikuwa amenyamaza tu.